Neno Nalo Lina Uzito: Tulipime Kabla ya Kumtamkia Mgonjwa

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia mambo yanayopimwa kwa vyombo. Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto, uzito wa mtoto kwa mizani ya kliniki, na shinikizo la damu kwa mashine inayofungwa mkononi. Mwezi huu tunapenda tuzungumzie kitu ambacho wengi hudhani hakina kipimo. Kitu hicho ni neno.

Sisi wauguzi hutamka maneno mengi kwa siku moja mbele ya wagonjwa na ndugu zao. Nanyi wazazi, majirani na viongozi wa jumuiya mnafanya vivyo hivyo huko nyumbani. Neno moja humfanya mama ambebe mtoto mgongoni na kukimbia hospitali usiku. Neno lingine, la ugonjwa uleule, humfanya ageukie njia nyingine. Kwa hiyo si jambo dogo kujua neno linafanya nini moyoni mwa anayelisikia. Katika somo hili tutaona jinsi wataalamu wanavyopima maneno, mifano ya hapa kwetu Tanzania, na namna familia au jumuiya inavyoweza kupima maneno yake yenyewe kwa kutumia maharage tu.

1. NENO HUPIMWAJE?

Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mmoja wa magonjwa ya akili huko Zürich, Uswisi, aitwaye Carl Jung, alikuwa akiwasomea watu orodha ya maneno 100, moja baada ya jingine. Kwa kila neno, msikilizaji alitakiwa kutaja upesi neno la kwanza lililomjia. Daktari alishika saa. Maneno mengi yalijibiwa mara moja, lakini kwa mengine mtu alichelewa, aliona haya au alicheka bila sababu. Hapo daktari alijua kwamba neno hilo limegusa jambo zito moyoni.

Mwaka 1957 mtaalamu wa Marekani, Charles Osgood wa Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na wenzake wawili, walitoa kitabu juu ya kupima maana. Njia yao ilikuwa rahisi. Waliandika maneno mawili yanayopingana, kama vile “zuri” na “baya”, wakaweka nafasi 7 katikati. Msikilizaji aliweka alama pale alipoona neno linakaa. Baada ya kupima maneno mengi waliona kwamba hisia za watu juu ya maneno hukusanyika zaidi katika mambo matatu: je, neno ni zuri au baya? Lina nguvu au ni dhaifu? Linachangamsha au linatuliza? Baadaye walijaribu njia hiyo katika jamii zaidi ya 20 zenye lugha mbalimbali, nako mambo hayo matatu yakajitokeza.

Mwaka 1999 wataalamu wengine wawili wa Marekani, Margaret Bradley na Peter Lang, walitoa orodha ya maneno yapata 1,000 ya Kiingereza, kila moja likiwa na alama zake za hisia kuanzia 1 hadi 9. Hao walitumia picha za mtu aliyechorwa: anayetabasamu hadi aliyenuna, aliyetulia hadi aliyeshtuka, mdogo kabisa hadi mkubwa anayejaza nafasi. Faida ya picha ni kwamba hata asiyejua kusoma sana anaweza kujibu. Mwaka 2013 watafiti wengine walitoa orodha ya namna hiyo yenye maneno karibu 14,000.

Yapo pia mashine zinazofungwa vidoleni kupima jasho dogo linalotoka mtu anaposhtuka. Mdomo unaweza kusema “sikushtuka”, lakini ngozi ikasema vingine.

2. NENO “DEGEDEGE” NA MAISHA YA MTOTO

Tuje sasa hapa kwetu. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo. Watafiti hawakuanza na dawa, walianza na maneno. Walitaka kujua watu wanaposema “homa”, “homa ya malaria” na “degedege” wanaelewa nini na wanafanya nini.

Waligundua kwamba kwa wengi “homa ya malaria” lilikuwa jina la ugonjwa wa kawaida, ambao dawa yake iko hospitali. Lakini neno “degedege” lilikuwa na uzito wa namna nyingine. Mtoto anapokakamaa, macho yakageuka na viungo vikatetemeka, watu wengi hawakuona tena kwamba ni malaria. Waliona ni jambo la shetani anayekuja kwa umbo la ndege. Mgonjwa wa namna hiyo alipelekwa kwanza kwa waganga wa jadi, na watu waliogopa kwamba akichomwa sindano atakufa.

Ndugu wazazi, tazameni hatari iliyopo hapo. Degedege mara nyingi ni malaria kali, ile ambayo watu husema imepanda kichwani. Pia inaweza kuletwa na homa nyingine, pamoja na homa ya uti wa mgongo. Na dawa ya kwanza ya malaria kali leo ni artesunate, nayo hutolewa kwa sindano. Kwa hiyo kile ambacho neno lilimfundisha mama akiogope ndicho kinachomwokoa mtoto. Malaria ni ileile, kimelea ni kilekile, ila jina lilipobadilika na njia ya kwenda hospitali ilibadilika.

Mkoa wetu wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Kwa sababu hiyo tunaomba kila familia ya Kibondo na Kasulu ishike mambo haya:

– Mtoto akipata degedege, mlaze kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumwumiza.
– Legeza nguo zake. Usimtie kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni.
– Usimnyweshe maji wala dawa angali anatetemeka.
– Mpeleke zahanati au hospitali mara moja, hata kama ameshatulia.

Wala hatuna haja ya kulifuta neno “degedege”. Ni neno la watu, nao wanalijua. Linalotakiwa ni kuliunganisha na neno jingine kila tunapolitamka: “degedege ya malaria”, “degedege, twende hospitali”. Polepole neno litabeba ujumbe mpya.

3. JINA LINAPOMWONDOLEA MTU UTU

Wengi wetu tunaifahamu Kabanga, Kasulu. Kuanzia miaka ya 2008 na 2009, watoto wengi wenye ualbino waliletwa katika shule ya pale ili wawe chini ya ulinzi, kwa sababu watu wenye ualbino walikuwa wakishambuliwa na kuuawa katika mikoa ya kanda ya Ziwa na ya magharibi. Wengine walitengana na wazazi wao wangali wadogo.

Mauaji yale yalitokana na imani potofu na tamaa ya mali. Lakini maneno nayo yalikuwapo. Neno la zamani ni “zeruzeru”, ambalo wengi huliona linamfananisha mtu na mzimu. Katika miaka ile likaongezeka neno jingine la mitaani: mtu mwenye ualbino alipopita njiani, alisikia watu wakisema “dili”, yaani hapo pana fedha. Fikirini mtoto anayetembea kwenda shule akisikia neno hilo. Kwa aliyelitamka pengine ulikuwa mzaha. Kwa mtoto lilikuwa habari ya kifo chake.

Hapa tunajifunza jambo la kwanza kuhusu kupima maneno: uzito wa neno hauko kinywani mwa msemaji, uko sikioni mwa anayeitwa kwa neno hilo. Ukitaka kujua neno lina uzito gani, usijiulize wewe unayelisema.

Nalo linahusu afya moja kwa moja. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kupimwa ngozi mara kwa mara kwa sababu anaweza kupata saratani ya ngozi mapema. Mama anayeona haya kwa sababu ya jina analoitwa mwanawe atamficha ndani. Aliyefichwa hapimwi, na kidonda kidogo ambacho kingetibika huachwa hadi kinakuwa kikubwa.

4. UGONJWA UMEBADILIKA, NENO LIMEBAKI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita “Juliana”, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Baadaye yakaja majina ya mitaani: “ngoma”, “amekanyaga miwaya”. Watu waliogopa kulitaja jina lenyewe, wakatafuta maneno ya kulizunguka.

Woga ule ulikuwa na sababu, maana siku hizo hapakuwa na dawa ya kuwapa wagonjwa. Lakini tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali yetu. Leo mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, akianza dawa mapema na kuzimeza kila siku, anaweza kuishi miaka mingi, kulima shamba lake na kusomesha watoto. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo na kubaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mama mjamzito anayefuata matibabu anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi.

Ugonjwa, basi, umebadilika sana. Je, neno nalo limebadilika? Hapana. Katika masikio ya wengi neno UKIMWI bado lina uzito uleule wa mwaka 1990, na uzito huo huwazuia watu kupima. Ndivyo ilivyo pia kwa “ukoma”, ingawa siku hizi ukoma hutibiwa bure na kupona kwa dawa za miezi 6 au 12. Ndivyo ilivyo kwa “kifua kikuu”, ambacho kwa kawaida hupona kwa dawa za miezi 6.

Magonjwa ya akili nayo yana shida hiyo. Neno “kichaa” hufunga mlango. Jina la hospitali ya Mirembe, Dodoma, limefanywa tusi, mtu akikosa kidogo anaambiwa apelekwe huko. Kwa upande mwingine, neno la kitaalamu “sonona” halijawafikia wengi. Mama aliyelemewa na huzuni kwa miezi hatasema ana sonona. Atasema “nina mawazo” au “moyo umekuwa mzito”. Kwa hiyo anayemsikiliza lazima ayajue maneno yake. Ndiyo sababu watafiti wa Dar es Salaam, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2002, hawakuchukua tu maswali 25 ya kigeni ya kupima hofu na huzuni na kuyatumia. Waliyajaribu kwanza kwa wajawazito wenye virusi, ili kuona kama yanapima kweli katika Kiswahili.

5. LUGHA YA MAMA HUINGIA NDANI ZAIDI

Watoto wengi wa Kibondo na Kasulu husikia Kiha kwanza mgongoni mwa mama, ndipo wakajifunza Kiswahili, na Kiingereza shuleni. Je, neno lina uzito sawa katika lugha zote? Mwaka 2003 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa watu waliozaliwa katika Kituruki na kujifunza Kiingereza baadaye. Walifungwa mashine ya jasho vidoleni, wakasomewa maneno. Makaripio ya utotoni, yale ambayo mzazi humwambia mtoto, yaliwashtua zaidi kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza.

Jambo hili linatuhusu sana. Mkoa wetu umepokea wakimbizi mara nyingi, kutoka Burundi mwaka 1972 na 1993, na kutoka Kongo mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena. Mkimbizi wa Burundi au Kongo husema “SIDA” pale ambapo sisi tunasema UKIMWI. Aliyekulia hapa akiambiwa “SIDA” anaweza kutikisa kichwa tu bila kushtuka, na aliyetoka kule akashtuka. Anayetoa majibu lazima ajue ni neno gani linaloeleweka, na ni lipi linaloumiza.

Lugha ya tatu nayo ina mtego wake. Mtu akiambiwa majibu yake ni “pozitivu”, anaweza kufurahi akidhani ni mazuri, na akiambiwa “negativu” akalia. Afadhali kusema wazi: “kipimo kimeonyesha una virusi, na dawa zipo”, au “kipimo hakikuonyesha virusi”.

6. KIPIMO CHA MAHARAGE

Sasa tujifunze kupima. Kazi hii yaweza kufanyika katika familia, katika kikundi cha akina mama au cha vijana. Mnahitaji bakuli la maharage na kikombe kimoja kwa kila mtu.

Kwanza, chagueni maneno machache, si zaidi ya sita. Yawepo ya kawaida kama “shamba” na “mvua”, na ya ugonjwa kama “kifafa”, “sindano” au “saratani”.

Pili, kiongozi atamke neno moja. Kila mtu atie katika kikombe chake maharage 1 hadi 7 bila mwenzake kuona. Moja maana yake moyo umetulia kabisa. Saba maana yake neno linamvunja moyo sana. Nne ni katikati.

Tatu, kiongozi akusanye vikombe, ahesabu maharage yote, agawanye kwa idadi ya watu. Tuseme watu ni 10. Neno la kwanza limepata maharage 55, wastani ni 5.5, basi ni neno zito. Neno la pili la jambo lilelile limepata 24, wastani ni 2.4. Tukitaka kumfariji mgonjwa tutatumia la pili.

Nne, msiishie kwenye wastani, angalieni kila kikombe. Tuseme mmepima neno “mgumba”. Watu 5 wametia maharage 2 kila mmoja, watu 5 wametia 6 kila mmoja. Jumla ni 40, wastani ni 4. Mtu atasema neno hili ni la kati tu, halina shida. Lakini hakuna hata mmoja aliyeko katikati! Nusu halikuwagusa, nusu limewaumiza. Pengine wenye kikombe cha 6 ni wale wanaoitwa kwa jina hilo, au mama zao na dada zao. Wastani unaweza kumficha anayeumia, kama vile wastani wa joto la wodi nzima usivyoonyesha mtoto mmoja mwenye homa.

Tano, pimeni pia uelewa. Kila mtu aeleze kwa maneno yake neno lile lina maana gani na mtu mwenye tatizo hilo afanye nini. Neno linaweza kuwa laini na bado likadhuru. Mzazi akisema “ana homa kidogo tu” juu ya mtoto aliyekakamaa, neno ni tamu lakini linachelewesha matibabu. Tunatafuta neno lisilomvunja mtu moyo na linaloeleweka wazi. Likikosa moja kati ya hayo mawili, tutafute jingine.

7. TAHADHARI

– Kipimo hiki si cha kumtambua mgonjwa. Msijaribu kujua nani aliweka maharage mengi, wala msimwulize mtu kwa nini.
– Mtu akilia au akitaka kutoka, aachwe, na mmoja mwenye busara amfuate kwa upole. Akiwa na huzuni isiyokwisha, aelekezwe zahanati au hospitali.
– Watoto wasipimwe maneno ya kutisha. Wao wapewe maneno kama “sindano”, “daktari”, “hospitali”, na wachore uso unaocheka au kulia. Ikiwa “hospitali” inawaliza, tusiwatishe tena kwa kusema “ukilia utachomwa sindano”.
– Neno jipya halitoshi peke yake. Tukisema “mtu mwenye ualbino” kisha tukamkimbia, neno hilo nalo litaanza kuwa zito.

8. MANENO YA KUANZA NAYO

– Badala ya “zeruzeru”: mtu mwenye ualbino.
– Badala ya “mwathirika” au “amekanyaga miwaya”: mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI.
– Badala ya “mkoma”: mtu anayetibiwa ukoma, au aliyepona ukoma.
– Badala ya “kichaa”: mtu mwenye ugonjwa wa akili.
– Badala ya “mwenye kifafa” kama jina la mtu: tumwite kwa jina lake. Kifafa kina dawa, wala hakiambukizi kwa povu wala mate.
– Badala ya “mgumba”: hawajapata mtoto. Tukumbuke pia kwamba sababu yaweza kuwa kwa mume au kwa mke, na wote wawili wapimwe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni jina gani la ugonjwa ambalo katika kijiji chetu watu hulisema kwa kunong’ona? Kwa nini?
2. Mtoto wa jirani akipata degedege usiku huu, tutasema maneno gani kwanza, na nani atamsindikiza mama hospitali?
3. Je, kuna mtu hapa kwetu anayeitwa kwa jina la ugonjwa au ulemavu wake? Tumeshamwuliza mwenyewe anapenda aitweje?
4. Neno gani la Kiha hueleza vizuri zaidi “nina mawazo”? Tumwambie mhudumu wa afya wa kijiji chetu ili alijue.

Mkishapima maneno yenu kwa maharage, yaandikeni kwenye karatasi bila majina ya watu, mkaipeleke zahanati iliyo karibu nanyi. Itawasaidia wahudumu kujua maneno ya kutumia na ya kuacha. Na maharage hayo mkayapike.